Ulinganisho: D850, Z8 au A7R V kwa mtu anayeishi kwa kupiga picha?

MzeeWaShata

Wakuu salaam. Kila wiki lazima mtu aulize kamera ipi ya juu ina megapikseli nyingi zaidi, na mimi naona hilo ni swali la pili, la kwanza huwa tunaliruka. Mimi nilianza na filamu, nikaingia dijitali enzi zile Nikon D1 ya 1999 na megapikseli zake 2.7 ndo ilikuwa kamera ya wapiga picha wa magazeti, kwahiyo hizi namba nimeziona zikipanda zote. Sasa hivi nimezitumia hizi tatu kwenye kazi za kweli: Nikon D850 (2017, DSLR, yaani ya kioo kinachopeleka picha jichoni, megapikseli 45.7), Nikon Z8 (2023, mirolesi, yaani haina kioo hicho, nayo 45.7) na Sony A7R V (2022, mirolesi, 61).

Ukweli ni kwamba kitu kikiwa kimetulia, mwanga upo na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) iko chini, hizi tatu zinakaribiana mno. Zote unaweza kuvuta vivuli kwenye RAW (faili ghafi la kamera) na picha isiharibike, D850 na Z8 zinashuka hadi ISO 64, A7R V inaanzia 100. Chapisha picha ya kutundika ukutani alafu waite watu wachague ipi ni ipi, watabahatisha tu.

Kinachozitenganisha, na ndo lile swali la kwanza, ni kasi ya sensa (kile kipande kinachopokea mwanga na kutengeneza picha) kusomwa. Hapa ndo naomba mnisikilize vizuri kwasababu matangazo hayaliweki mbele hili. Ukitumia shata ya kielektroniki (isiyo na pazia linalosogea), sensa za aina hii hazichukui picha yote kwa mpigo, zinasomwa mstari kwa mstari toka juu hadi chini, kwahiyo mstari wa mwisho unasomwa baadae kuliko wa kwanza, na kama kitu kimesogea katikati ya hapo kinatoka kimepinda. Z8 inamaliza kusoma kwa takriban 1/270 ya sekunde, hiyo ni kama kasi ya pazia la shata ya kawaida, ndo maana Nikon wameiondoa kabisa shata ya mitambo mle ndani. A7R V kwa shata ya kielektroniki inakaribia 1/10 ya sekunde. Piga mabawa ya ndege kwa shata hiyo utapata mabawa yamepinda. Siyo kamera mbovu hata kidogo, ina shata ya mitambo nzuri tu ya fremu 10 kwa sekunde, ila ukitaka ukimya kamili na kitu kinakimbia, hapo umebanwa.

Na kasi hiyo haiishii kwenye kupinda tu. Kwenye mirolesi, otofokasi inatumia data ileile ya sensa, na vyufainda (pale unapochungulia) pia inalishwa na data hiyohiyo. Sensa ikisomwa haraka, fokasi inajisahihisha mara nyingi zaidi kabla ya fremu inayofuata, na ile hali ya vyufainda kuzima kati ya fremu na fremu inaondoka, unamuona mtu muda wote hata ukiwa unapiga 20 kwa sekunde. Siri yenyewe iko kwenye ujenzi, hizi sensa wanazoita stacked, kama ya Z8, zimebandikwa safu ya saketi na kumbukumbu mgongoni, data inapata pa kutua papo hapo badala ya kusubiri foleni.

Kwangu mimi kitu kikubwa kilichobadilika ni jicho langu linafanya nini wakati napiga. Kwenye D850 pointi 153 za fokasi zimejazana katikati ya fremu, uso ukiwa pembeni unalazimika kufokasi katikati alafu unazungusha kamera, na kwa f/1.4 (tundu la lenzi likiwa wazi sana) mzunguko mdogo tu unatosha jicho la mtu kutoka nje ya fokasi. Akili yangu nusu ilikuwa inalinda ile pointi. Sasa kamera inashika jicho yenyewe na hailiachii, mimi nabaki naangalia kona za fremu, mikono ya mtu iko wapi, nyuma yake kuna nini, na lile tukio dogo litakalotokea sekunde ijayo. Nimerudi kuangalia watu, na hicho nakithamini kuliko megapikseli zote.

Karibuni, hasa mnaopinga.

KiooBado

Mkuu nakuheshimu ila mi bado niko na D850 na sioni pa kwenda. Kwanza betri. Kwa kipimo cha CIPA (chama cha watengeneza kamera Japani) D850 ni picha 1840 kwa chaji moja, Z8 ni kama 330 hivi, hiyo tofauti siyo ya kupuuza ukiwa sehemu hamna umeme. Pili vyufainda ya kioo haina ucheleweshaji wowote, ni mwanga wenyewe unaingia jichoni, kamera hata ikiwa imezimwa naangalia fremu yangu nasubiri. Kukaa na kiskrini mbele ya jicho siku nzima mi kinanichosha, macho yanauma mpaka usiku. Na lenzi zangu nusu ni AF-D, zile zinazoendeshwa na mota ya ndani ya kamera, kwenye adapta ya FTZ (ya kuvalisha lenzi za DSLR kwenye Nikon za mirolesi) hazifokasi zenyewe, unabaki kuzungusha kwa mkono. Nizitupe?

DadaMwamba

Naomba nisemee upande wa wale wa tripodi, maana kila ulinganisho unaisha na ndege na mpira kana kwamba sisi wa mandhari na studio hatupo. Nina A7R V. Kasi ya kusoma sensa hainihusu kabisa, mwamba haukimbii. Mimi nahitaji zile 61 kwasababu wateja wangu wanachapisha makubwa na wanasogea karibu kuangalia. Kuna pia ile pikseli shift, inapiga fremu 16 huku ikisogeza sensa kidogokidogo, unaziunganisha kwenye kompyuta unapata picha ya megapikseli karibu 240, kwa michoro na vitu vya makumbusho haina mpinzani kati ya hizi tatu, ila jani likitikisika tu kwenye mandhari umeharibu hapo.

Lakini niseme na upande wa pili kwa wanaotamani 61: inakudai nidhamu. Pikseli zake ni ndogo, kama maikroni 3.8 dhidi ya 4.3 za hizo Nikon, kwahiyo kila kosa linaonekana ukikuza. Ile kanuni ya zamani ya shata spidi iwe sawa na urefu wa lenzi, yaani lenzi ya milimita 100 unapiga 1/100, mi nishaiacha, hiyo ya 100 napiga 1/200 kwenda juu kama nashika mkononi na mtu anasogea, kile kitulizaji cha sensa kinazuia mtikisiko wa mikono yako tu, hakimzuii yule unayempiga. Na ukibana tundu la lenzi kupita f/11 ule ukali ulioulipia unaanza kuyeyuka wenyewe kwa sheria za mwanga, hakuna lenzi inayokwepa hilo. Naona watu wanapiga f/22 na megapikseli 61 alafu wanashangaa.

Kingine ni uzito. A7R V ina gramu 723 na betri na kadi, Z8 910, D850 inapita kilo. Kupanda mlima na tripodi mgongoni hiyo tofauti inasikika mabegani.

MzeeWaShata

@DadaMwamba hapo kwenye f/11 umesema kitu ambacho ningependa kila mwenye kamera kubwa akisome mara mbili. Na kwa kazi yako sibishi, A7R V ndo yenyewe, hata vyufainda yake ina nukta milioni 9.44 wakati ya Z8 ni 3.69, ukikaa kwenye ya Sony alafu ukarudi kwenye Z8 utaiona tofauti haraka.

@KiooBado lenzi usizitupe. Kama nusu ya lenzi zako ni AF-D na kazi inaenda, hiyo pekee ni sababu tosha ya kubaki. Kuhusu betri, hicho kipimo cha CIPA kinapimwa kwa kupiga na kupumzika, kuwasha na kuzima, ukipiga mfululizo unapata nyingi zaidi ya hiyo 330 kwa mbali, ila ukikaa unachungulia tu bila kupiga inakwisha kweli. Mimi natembea na tatu. Nikuulize moja lakini, lenzi zako zenye fokasi inayoenda mbele au nyuma kidogo unafanyaje? Kwenye DSLR fokasi inapimwa na sensa nyingine chini kabisa ya kioo, siyo ile inayochukua picha, ndo maana lenzi nyingine zinahitaji kurekebishwa kwenye menyu. Mirolesi inapima palepale picha inapotua, hiyo shida imekufa, na sikumbuki lini nimefungua menyu ya marekebisho.

TaaZaUkumbi

Mnasahau taa jamani!! Mimi kazi yangu ni kumbi, jukwaa, mikutano. Taa za LED nyingi za bei rahisi zinapepesa, umeme wa 50Hz zinapepesa mara 100 kwa sekunde, sasa ukiwa na sensa inayosomwa kwa 1/10 ya sekunde inamaana taa imepepesa kama mara kumi wakati picha moja inachukuliwa, unapata mistari ya giza na mwanga kumi imekatiza uso wa mgeni rasmi. Huo mstari hauondoki kwenye kuediti, labda ukae fremu moja masaa. Na kwenye tamthilia siwezi kupiga na shata ya mitambo, mtu analia jukwaani mi napiga kwa-kwa-kwa, haiwezekani. Kwahiyo kwangu stacked siyo anasa.

Ila hata hizo za haraka zina mpaka wake. Zile skrini kubwa za LED nyuma ya jukwaa zinapepesa kwa kasi ya juu sana, mistari inatokea hata kwenye Z8. Ndani ya menyu kuna kitu cha kupunguza mpepeso wa kasi ya juu, kinakuruhusu kusogeza shata spidi kwa vipande vidogovidogo, unaangalia kwenye vyufainda mpaka mistari inapotea. Nafanya hivyo kabla watu hawajaingia ukumbini.

Chipukizi_F8

Habari wakubwa, mi ndo naanza kulipwa na nina pesa ya kamera moja. Je nikichukua inayopiga 20 kwa sekunde si nitapata picha nzuri zaidi kwasababu katika 20 lazima moja itakuwa nzuri? Na hii Sony A9 III nasikia ndo haina kupinda kabisa mbona hamuizungumzii

Gigabaiti

@Chipukizi_F8 kabla hujajibiwa na mzee piga hesabu kwanza. RAW moja ya megapikseli 45 iliyobanwa bila kupoteza kitu ni kama MB 50. Zidisha mara 20. Ni GB moja kwa kila sekunde unayoshikilia kidole!! Unahitaji kadi za kasi za CFexpress, unahitaji diski mbili maana nakala moja siyo nakala, na unahitaji kompyuta isiyokwama. Z8 ina tundu moja la CFexpress B na moja la SD, ukiweka irekodi kwenye zote mbili kwa pamoja, ile SD ndo inaamua mwendo na bafa (kumbukumbu ya muda ya kamera) inajaa mapema. A7R V matundu yote mawili yanakula SD au CFexpress A. Watu wananunua kamera alafu wanakwamia kwenye kadi, nimewaona wengi.

MzeeWaShata

@Chipukizi_F8 hapana kijana wangu, katika 20 utapata 20 za wakati usio sahihi kama hukujua wakati sahihi unakuja. Ule mfululizo unasaidia ukishajua tukio linakuja na huwezi kulipata kwa kidole tu, mfano ndege anaruka toka kwenye tawi. Hapo hata kuna ile ya Z8 kuhifadhi fremu za hadi sekunde moja kabla hujabonyeza mpaka mwisho, ila zinatoka JPEG, siyo RAW. Mazungumzo, picha za familia, kikao, mimi napiga moja moja au tatu. Usiku unapochagua picha utanishukuru.

A9 III ndo fulfremu (kamera yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya 35mm) ya kwanza yenye sensa inayochukua pikseli zote kwa wakati mmoja, hakuna kupinda hata chembe, na flashi inafanya kazi kwa shata spidi yoyote ile mpaka 1/80000. Kwa michezo na flashi juani ni kitu cha ajabu na ningefurahi kuipata kwa kazi hizo. Ila ina megapikseli 24.6 na ISO yake inaanzia 250, kwenye vivuli vizito haifiki pale hizi tatu zinapofika. Umepata kasi umetoa kitu kingine.

Kwa hali yako ya kamera moja, kazi mchanganyiko na huna lenzi za zamani, nenda Z8. Ukiona asilimia kubwa ya kazi yako ni studio na bidhaa, msikilize DadaMwamba. Na kama bajeti haifiki, D850 iliyotumika vizuri na lenzi mbili nzuri ni bora kuliko Z8 na lenzi moja dhaifu, hili nalisema kwa moyo wote.

Chipukizi_F8

Asante sana mzee. Nikiipata hiyo Z8 nianze kuset nini kwanza, menyu zake nimeziona youtube ni ndefu balaa

MzeeWaShata

Vitu vichache tu. RAW, ile ya kubanwa. Auto ISO washa, alafu iwekee shata spidi ya chini kabisa isiyoruhusiwa kushuka, kwa watu wanaotembea weka 1/250. Fokasi itoe kwenye kitufe cha shata uiweke kwenye AF-ON ya kidole gumba, ili kufokasi na kupiga viwe vitu viwili. Na chagua unapiga nini, mtu au mnyama au ndege, usiache otomatiki kama unajua, kwasababu ikiwa huru huwa inaweza kudandia kitu cha nyuma. Kitufe kimoja cha mbele kipe kazi ya kubadili eneo la fokasi kwenda pointi moja ndogo, siku kamera inang'ang'ania uso usioutaka utakihitaji haraka bila kutoa jicho kwenye vyufainda.

KiooBado

Mzee swali la mwisho, hizo lenzi zangu ndefu za AF-S (zenye mota yake ndani) nikiziweka kwenye FTZ zinapoteza kitu?

MzeeWaShata

Lenzi ya ziada hakuna mle, ni bomba tupu la kuziba umbali, mlango wa lenzi wa F, wa DSLR, uko milimita 46.5 toka kwenye sensa na wa Z uko 16. Ubora uleule, fokasi ya AF-S inafanya kazi, kushika jicho pia. Ila mota za zamani haziendi na mwendo wa sensa mpya, kwa ndege anayekuja moja kwa moja kwako utaona inachelewa. Azima adapta ujaribu na lenzi zako kwanza kabla hujauza chochote.