ETI "WEWE SHIKA KOTI"! Leo Belvedere nimedhalilishwa na mtu mnayemjua wote

Wakuu habari za jioni, ingawa kwangu leo hakuna jioni wala habari.

Naandika nikiwa ndani ya tramu D, mikono inatetemeka, makosa ya herufi mtavumilia. Simtaji mtu. Sina haja ya kumtaja. Yeyote aliyewahi kuhudhuria msiba, ubatizo au sherehe ya Uhuru hapa Vienna anamjua: miwani ya jua ndani ya nyumba, koti refu la ngozi hata mwezi wa saba, na kila picha ya pamoja yupo katikati. Akikaa dakika tano bila kipaza sauti anapandwa na homa. Huyo huyo.

"Wewe shika koti." Mimi! Mtu mzima, nina familia, tiketi nimelipa mwenyewe!

Ngoja nianze mwanzo. Tulikwenda kikundi kuona jumba la Belvedere hapa Vienna, lile la juu ambalo siku hizi ni makumbusho ya sanaa, yeye akajipa kazi ya kutuongoza. Hakuna aliyemwomba. Tunaingia tu pale chini, kwenye yale mapande manne ya mijitu ya mawe yanayobeba dari mabegani, anatangaza, "Hawa walikuwa watumwa wa Kirumi." Ni Atlasi wale, wa hadithi za Wagiriki. Nikanyamaza. Tukapanda Ukumbi wa Marumaru, mkubwa, mwekundu, dari imechorwa mpaka shingo inauma. Pale ndipo uliposainiwa mkataba wa tarehe 15 Mei 1955, mataifa manne yaliyoikalia Austria baada ya vita yakakubali kuondoka. Yaani hawa nao wana uhuru wao, miaka 6 tu kabla ya Tanganyika! Mimi nilitaka kusimama hapo kidogo niwaze. Yeye anasema ulikuwa ukumbi wa harusi. Nikameza mate.

Kisha tukafikia picha ya Napoleon iliyochorwa na Jacques-Louis David, yule aliyepanda farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, akivuka milima ya Alps. Bwana mkubwa akanyoosha kidole: "Huyu ndiye aliyelijenga jumba hili."

Wakuu, kuna mama alikuwa ANAANDIKA kwenye simu. Anakwenda kuwafundisha watoto!

Nikasema kwa upole kabisa, "Kaka, jumba lilijengwa na Prince Eugene wa Savoy, msanifu wake Hildebrandt, likaisha 1723. Napoleon kazaliwa 1769." Akajifanya hajasikia. Kumbe ameweka moyoni.

Basi tukaingia kwenye Busu, ile picha ya mchoraji Gustav Klimt. Mliofika mnajua chumba kinavyojaa. Picha yenyewe ya mraba, sentimita 180 kila upande, wale wapenzi wamefungwa kwenye joho la dhahabu, na ukisogea unaona vidole vya miguu vya yule mwanamke vimejikunja ukingoni mwa maua. Nimeisubiri picha hii miaka. Yeye anapaza sauti: "Hii ni kilo nzima ya dhahabu!" Nikasema, bado kwa upole, ni rangi ya mafuta na karatasi nyembamba za dhahabu. Nyembamba mno.

Hapo ndipo alipovua miwani. Akaniangalia kuanzia viatu. Akavua koti. Akalinyoosha mbele ya dunia nzima, mbele ya Klimt, mbele ya watalii waliokuwa wamelipa hela zao kuona busu:

"Wewe shika koti."

Chumba kizima kimya. Mlinzi akatazama sakafu. Nawaapia hata Napoleon kule chumba kingine aligeuza farasi aone. Halafu akawaambia wenzetu, anacheka, "Kijana mzuri huyu, ila majumba hajayazoea." Akapiga picha na Busu, pembe nne tofauti, tumbo limeingizwa ndani.

Na koti lenyewe sasa! Bitana imechanika kwapani, mfuko wa kushoto una nusu chapati kwenye foili. SHIKA KOTI! Mtu asiyejua 1723 na 1769 ipi inatangulia!

Nilimaliza ziara kwenye vichwa vya mchongaji Messerschmidt, vile vya karne ya 18 vinavyokunja uso kila namna. Kuna kimoja kimebana midomo kama mtu aliyezuiwa kupiga kelele. Tulielewana.

Niambieni, hii ni haki?

---

Mzee wa Kando: Nimekaa paleee, ngoja waje wanaomjua.

binti_kisiju: Pole kaka. Huyo mimi namjua kwa miwani tu, hata hujamaliza sentensi.

Fundi Bomba Graz: Mleta uzi swali dogo. Ulilishika au hukulishika?

Mleta uzi: Mkuu hoja hapa ni udhalilishaji.

Fundi Bomba Graz: Nimeelewa. Ulilishika?

Mleta uzi: Mnapenda kutoka nje ya mada.

Kiroboto Mwema: Mfuko wa KUSHOTO una nusu chapati. Kwenye FOILI. Huyu mtu kalijulia wapi hilo, kwa ndoto? 😂😂😂

Shangazi Donau: Nimecheka mpaka mume wangu kaja kuuliza kuna nini. Kalishika na kulikagua juu!

Mleta uzi: Foili ilionekana kwa nje.

Kiroboto Mwema: Na bitana ya kwapani nayo ilionekana kwa nje? Kuanzia leo jina lako Katibu wa Makoti.

mtu_wa_Tandale: Uzi bila picha haunogi. Tupia ukiwa na koti.

Nilikuwepo: Nilikuwa kwenye kikundi. Sitaki ugomvi na mtu. Alilibeba mpaka tukashuka bustanini, kwenye zile sanamu za simba wenye vichwa vya wanawake. Tena alikuwa amelikunja vizuri.

Mleta uzi: Wewe ndiye ulikuwa unaandika kwenye simu kwamba Napoleon kajenga, huna la kusema.

Nilikuwepo: Nilikuwa naandika orodha ya sokoni.

Mwalimu Mstaafu: Na hata huyo Napoleon mnamtukuza bure. Alps alivuka juu ya nyumbu, farasi ni mapambo ya mchoraji. Jumba hilo mwaka 1752 lilinunuliwa na mtawala Maria Theresa, na baadaye karne hiyo hiyo michoro ya kifalme ikafunguliwa kwa wananchi hapo hapo. Ila nyie mkifika Vienna mnapaswa kumuuliza Angelo Soliman. Mwafrika, aliletwa Ulaya mtoto, mtumwa, akaishia kuheshimika mjini na kukaa meza moja na wakubwa. Alipofariki 1796 walimchuna ngozi wakaijaza na kuiweka kwenye maonyesho ya kifalme, binti yake akilia apewe mwili azike. Iliungua 1848. Hilo ndilo la kukasirikia.

mtu_wa_Tandale: Daah.

Shangazi Donau: Mwalimu umetunyamazisha.

binti_kisiju: Hili sikulijua. Asante mwalimu.

Fundi Bomba Graz: Haya turudi kwenye koti.

Mkaanga Sumu: Koti si kitu. Mimi huyo huyo wa miwani alinishikisha MTOTO kwenye sherehe ya mwaka jana, eti dakika mbili anapokea simu. Mtoto mwenyewe si wake! Nimezunguka ukumbini natafuta mama yake mpaka keki ikaisha.

Kiroboto Mwema: Kumbe ana tabia ya kushikisha watu vitu.

Shemeji Mkubwa: Mimi nina shemeji kaja kutembea, nimempeleka Belvedere. Vyumba vyote kapita anatafuta chaji ya simu. Tumefika kwenye Busu, kasema "hii si ipo kwenye kikombe cha nyumbani?" Akakaa chini. Nauli nimelipa mimi.

mtu_wa_Tandale: Shemeji yako ana hoja. Ipo mpaka kwenye soksi.

Mama Wawili: Samahani natoka nje ya mada, watoto wanalipa pale?

Nilikuwepo: Chini ya miaka 19 bure dada. Mabegi makubwa unaacha kwenye makabati.

Mleta uzi: Kwa hiyo hakuna anayeona tatizo mtu kuniambia SHIKA KOTI mbele ya Klimt?

Mama Wawili: Asante sana. Na vyakula mnabeba?

Kiroboto Mwema: Muulize Katibu, chapati ilipita salama.

Mkaanga Sumu: Tukiongelea chakula, ile sherehe niliyosema, nani alipika ule pilau? Ulikuwa wali umepakwa mchuzi wa soya.

Shangazi Donau: Nilipika mimi. Kwa taarifa yako bizari nzima ilitoka Unguja.

Mkaanga Sumu: Basi ilikwama uwanja wa ndege.

Shangazi Donau: Wewe mchango wako ulitoa shilingi ngapi? Andika hapa watu waone.

Mwalimu Mstaafu: Jamani, pilau halipikwi na bizari ya kusaga. Kwanza kitunguu kikaangwe mpaka kiwe kahawia.

Fundi Bomba Graz: Mod, huu uzi uunganishwe na ule wa pilau.