Kikundi cha isukuti Kangemi: pesa za utamaduni za serikali huombwa wapi?

KatibuKangemi:

Wadau, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kikundi cha isukuti, ngoma yetu ya asili ya Kakamega, hapa Kangemi. Sisi ni Waisukha na Waidakho. Wakubwa tulizaliwa Kakamega, lakini vijana wetu wengi ni wa hapahapa Nairobi, na isukuti wameijulia kwenye matanga. Jumapili baada ya ibada tunafanya mazoezi uwanja wa kanisa mpaka jirani wa ghorofani aanze kupiga kelele kutushinda. Tunaitwa harusini na matangani, na msimu wa siasa ukifika simu yangu hailali. Malipo ya siasa mnayajua: mnapanda lori alfajiri, mnapiga ngoma juani mpaka mheshimiwa ashuke kwenye helikopta, halafu msaidizi wake anawashikisha "ya soda" na kuwaambia mgawane.

Sasa swali. Nyumbani kuna ukumbi wa jamii uliojengwa kwa harambee zamani, kando ya soko. Hapo ndipo wazee walikuwa wakifundisha na ngoma zikihifadhiwa. Leo mabati yametoboka, nusu ya ukumbi imejaa magunia ya mbolea, na ngoma kubwa imepasuka ubavuni, mtu ameifunga kwa waya wa seng'enge. Fundi anayejua kuchonga ngoma zote tatu, kubwa, ya kati na ndogo, eneo letu amebaki mmoja, na amezeeka. Tunataka mambo mawili tu: paa litengenezwe, na huyo mzee alipwe kitu awafundishe vijana wachache likizo ya Desemba.

Nimeandika barua mpaka kalamu imechoka. Ofisi moja hapa mjini iliniambia utamaduni umegatuliwa, niende kaunti. Nikaenda, nikaambiwa nijaribu wizarani. Karani mmoja akaniuliza, "Isukuti si iko UNESCO? Kwani pesa za wazungu mmekula?" Barua ya mwisho haionekani, eti nilete nyingine. Mwenye kujua anielekeze: mlango hasa ni upi?

mukombero_254:

Pesa za utamaduni? Dada, utamaduni wa serikali ni kuwapanga akina mama kwenye jua wamngoje mgeni rasmi. Changeni wenyewe. Kila mtu elfu moja, mabati yananunuliwa kabla barua yako haijafunguliwa.

AfisaMstaafu:

Huyo wa mukombero hajakosea sana, lakini asikukatishe tamaa. Paa mkichanga litapatikana. Mafunzo ya kila mwaka hayaendeshwi kwa mchango.

Binti yangu, nilikuwa afisa wa utamaduni miaka mingi kabla ya ugatuzi na kidogo baada yake, kwa hiyo barua kama zako nimezipokea mimi mwenyewe. Nitakwambia ziliishia wapi: kwenye faili. Afisa ana meza na muhuri, pesa hana. Mwaka ukianza, kila shilingi ya idara yake ilishaandikiwa kazi. Ukimfikia Novemba na ombi zuri, hata akikupenda vipi, hana fungu la kulichomoa.

Fungu huandikwa mapema, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 imeweka tarehe. Mwaka wa serikali unaanza 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa uwe umefika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, yaani miezi kumi kabla ya mwaka unaohusika. Kufikia mwisho wa Februari unakuja waraka wa mikakati ya fedha, ule unaosema idara gani itapata kiasi gani. Makadirio yenyewe ya bajeti yanawasilishwa kufikia 30 Aprili. Katikati ya hayo yote kuna mikutano ya kukusanya maoni ya wananchi. Kitu ambacho hakikuonekana kwenye mpango wa Septemba kukiingiza Aprili ni kazi ya mwenye bahati. Na siku ya mikutano hiyo watu wa isukuti huwa wapi? Wako nje ya ukumbi wanapiga ngoma kumkaribisha waziri wa kaunti. Waliokaa ndani ni wa barabara, wa zahanati na wa chekechea, na wao ndio wanaoandikwa. Siwalaumu, hata mimi zahanati ningeitanguliza. Ila asiyekuwepo hata nafasi ya mwisho hapati.

Kuhusu nani anahusika: aliyekwambia umegatuliwa alisema kweli. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti shughuli za utamaduni, pamoja na maktaba na makumbusho za ngazi yake. Serikali kuu imebaki na mambo ya kale na majengo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Ukumbi wenu, kwa heshima zote, haumo. Kwa hiyo wa nyumbani unaombwa nyumbani. Hapa Nairobi mnaweza kuomba kaunti ya hapa kitu cha hapa, kwa mfano mahali pa kufanyia mazoezi ili jirani wa ghorofani apumzike.

UNESCO: isukuti iliingizwa mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kaya za Wamijikenda ziliitangulia huko mwaka 2009. Kuandikwa hakuleti hundi. Msaada wa mkataba wa UNESCO wa 2003, ule wenye orodha hiyo, huombwa na nchi, kikundi hakitumi ombi peke yake. Lakini usiuache nje ya maandishi yako. Serikali yenyewe ilikwenda mbele ya dunia ikasema ngoma hii iko hatarini; wakumbushe.

Sasa kwenye jambo ambalo nimeona likiua miradi mingi kuliko ukosefu wa pesa: ardhi. Huo ukumbi umesimama kwenye ardhi ya nani? Kumbi za harambee nyingi zilijengwa pahali ambapo mzee fulani alinyoosha mkono akasema "jengeni pale", watu wakapiga makofi, na hakuna aliyekwenda kwa msajili wa ardhi. Ukiomba kaunti iezeke paa, mtu wa kwanza kukuzuia atakuwa mhasibu, na atakuwa na haki: pesa ya umma haijengi kwenye shamba la mtu. Ardhi ikiwa ya soko, yaani ya kaunti, mambo ni mepesi. Ikiwa ya familia, lazima kipande kikatwe, mpimaji aje, bodi ya ardhi itoe kibali na hati iandikwe upya. Hilo lijue kabla hujaandika barua nyingine hata moja.

Tenganisha pia maombi yako. Paa ni matumizi ya maendeleo, mafunzo ni matumizi ya kawaida. Ukiyatia kwenye karatasi moja, yatakwama pamoja. Mafunzo weka hesabu ya wazi: mbao, ngozi, vifaa, chakula, posho ya fundi. Ngoma ndogo ya kiasili huwambwa ngozi ya kenge, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haitanii, kwa hiyo kabla hamjaiandika kwenye ombi la serikali ulizeni kwa watu wa wanyamapori. Itakuwa aibu idara moja iwalipie ngoma na nyingine iwakamate nayo.

Na barua iliyopotea: usiandike nyingine ya kuomba. Andika ya kuuliza, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ombi lako liko wapi na liliamuliwa nini. Wana siku 21 kujibu. Barua ya aina hiyo haipotei kirahisi.

MamaMaktaba:

Nakubaliana na mzee juu ya ardhi, na niongeze mfano wa hapa karibu. Maktaba za Kaloleni na Makadara, kule Eastlands, ni mali ya kaunti ya Nairobi, sawa na McMillan ya katikati ya mji iliyofunguliwa 1931. Zilikuwa zimechakaa. Shirika la Book Bunk likaingia makubaliano na kaunti na kutafuta fedha za kuzikarabati, na leo ukienda Kaloleni unakuta watoto wamejaa. Kaunti haikuhitaji kutoa kila kitu, lakini umiliki ulikuwa wazi na makubaliano yakaandikwa. Mfadhili yeyote atakuuliza hayo mawili kwanza.

Pia usiuombe ukumbi kwa ajili ya ngoma pekee. Unatumika siku ngapi kwa wiki? Weka rafu za vitabu, weka kliniki ya akina mama na watoto mara moja kwa mwezi. Jengo la ngoma tu litashindwa na jengo la shughuli nyingi kila mara, hata kama roho inauma.

kijana_wa_LSO:

Mimi nafanya kazi za jukwaa na vipaza sauti, nawaona nyinyi wa ngoma kwenye kila sherehe. Ushauri mmoja: serikali ikiwaita Madaraka Dei au Mashujaa Dei, msicheze bila LSO. Si ahadi ya simu, si "mtalipwa wiki ijayo". Karatasi ya agizo la huduma yenye jina la kikundi na kiasi. Bila hiyo mkienda kudai, mtu anakuuliza nani aliwaita. Kikundi kiwe kimesajiliwa kwa maendeleo ya jamii, kiwe na PIN ya kodi na akaunti ya benki, na mtoe ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi. Wakiwa wengi vijana au akina mama, chukueni pia cheti cha AGPO, kwa sababu asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa makundi hayo na walemavu. Kuna watu hupata pesa nyingi kwa kucheza kuliko mtakavyopata kwa ruzuku. Wana karatasi tu.

mukombero_254:

Hapo kwa LSO nimesimama nikapiga saluti.

KatibuKangemi:

Asanteni sana. Mzee, Mungu akuzidishie. Nimempigia mjomba nyumbani, na ni kama ulikuwepo: ardhi ni ya familia moja, mwenyewe alisema "jengeni", akafariki, na shamba lote bado liko kwa jina lake. Watoto wake wanaelewana, isipokuwa mmoja aliyeko Eldoret ambaye hashiki simu. Cheti cha usajili tunacho ila ni cha hapa Nairobi. AGPO sikuijua kabisa, na kwetu akina mama ndio wengi. Hilo la rafu za vitabu, MamaMaktaba, wazee watanuna kidogo lakini nitalipeleka.

Swali dogo: nisubiri mambo ya shamba yaishe ndipo nipeleke memoranda, yaani ombi la maandishi, ya mafunzo?

AfisaMstaafu:

Usisubiri. Mirathi inaweza kuchukua muda mrefu, na mafunzo hayahitaji paa lile. Likizoni madarasa huwa matupu, ombeni moja kwa mwalimu mkuu. Familia waanze kwa chifu, awape barua inayowataja warithi wote. Wote, pamoja na mabinti walioolewa, maana mahakama itauliza, na mtu akiachwa nje atarudi na pingamizi wakati mpimaji ameshapanda mawe ya mpaka. Yule wa Eldoret atumiwe mtu, simu aacheni.

Memoranda ya mafunzo iende sasa, kabla mpango wa Septemba haujafungwa. Kwa kuwa cheti chenu ni cha Nairobi, mwombaji awe kikundi cha nyumbani kilichosajiliwa kule, ninyi mtajwe kama washirika. Kurasa mbili zinatosha. Mjomba aisome kwa sauti kwenye mkutano wa wadi, kisha aipeleke kwa karani wa bunge la kaunti na kwa idara ya utamaduni, nakala mbili kila pahali, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na arudi nayo nyumbani.