Naomba ushauri: jina la Kiswahili la filamu Los abrazos rotos

Ndugu zangu, ninaandaa tafsiri ya maandishi ya Kiswahili (yale yanayotokea chini ya skrini) ya filamu ya Kihispania Los abrazos rotos, iliyoongozwa na Pedro Almodóvar mwaka 2009, na nimekwama kwenye jina lenyewe. Kwa wasioifahamu, inamhusu Mateo Blanco, mwongozaji wa filamu aliyempoteza mpenzi wake, Lena, katika ajali ya gari kisiwani Lanzarote, ajali ambayo pia ilimpofusha, na ambaye tangu hapo anaishi kwa jina jingine akiandika miswada ya filamu.

Neno "rotos" hubeba kuvunjika na kuchanika kwa pamoja, na filamu inazihitaji maana zote mbili, kwa kuwa picha za wapenzi hao zimechanwa vipande vipande na kijana Diego, msaidizi wa Mateo, anajaribu kuviunganisha upya. "Makumbatio yaliyovunjika" naona ni mazito mno mdomoni. "Yaliyokatika" yananigusa zaidi, lakini hapo karatasi iliyochanika inapotea.

Jambo la pili ni pale tajiri Ernesto Martel, anayeishi na Lena, anapotazama video za Lena zisizo na sauti huku mwanamke asomaye midomo akimtamkia maneno ya Lena kwa ubaridi, kisha Lena mwenyewe anaingia na kuyasema kwa sauti yake. Je, maandishi ya sauti hizo mbili niyatofautishe kwa mwandiko wa mlalo (italiki), au nimwachie mtazamaji? Waliowahi kutafsiri filamu, naomba mnisaidie.