Naombeni ushauri, tasnifu ya malale visiwa vya Ssese imenikwamisha

Wakuu habari zenu, naandika tasnifu ya malale Uganda enzi za Mwingereza. 1906 Robert Koch, yule daktari bingwa wa Kijerumani, alienda Ssese akawa anawachoma wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye aseniki, wengine wakaishia kupofuka kabisa, halafu gavana Hesketh Bell akaamuru watu wahamishwe kutoka mwambao wa Ziwa Victoria ili mbung'o wanaoeneza malale wakose damu yenye vimelea, wakaacha migomba na uvuvi wao. Mi naona uzito uko kwenye huo uhamisho ila msimamizi wangu anang'ang'ania Koch, jina kubwa bana. Nimsikilize nimalize au nikomae? Na mliowahi kuhoji wazee wa visiwani mlianzia kwa wakuu wa koo au kanisani? Kiganda changu cha kuombea maji tu.