Tupeane uzoefu: mliotembea hadi Namugongo kuchangia wahitaji

Mama Pacha: Mahujaji wa Namugongo, kule Uganda walikouawa Mashahidi wa Uganda, wamepita hapa Busia mpakani asubuhi hii na bendera na rozari, machozi yakanitoka. Mwaka niliotembea mimi nilichangisha pesa za bweni la watoto viziwi, watu waliniahidi shilingi 50 kila kilomita, na ni karibu kilomita 200. Nyie je?

Mguu Chuma: Mama umenikumbusha msitu wa Mabira. Bugiri, Iganga, hata daraja la Jinja nilivuka naimba, kumbe raba mpya zinanisubiri msituni. Mvua ikapiga, soksi zikaloa, lengelenge la kisigino likapasuka, navua soksi ngozi inakuja nayo. Nikakaa pembeni matrela yananirushia matope nikasema basi, narudi. Mama mmoja muuza gonja, zile ndizi za kuchoma, pale Najjembe, hanijui simjui, akaleta beseni la maji ya chumvi akaniosha miguu, mtu mzima mimi. Nikamweleza natembea kuchangisha pesa za kituo cha yatima, akafungua fundo la leso akatoa noti ya 1000 ya Uganda, imelowa jasho. Gonja nayo akakataa pesa.

Bukoba Moja: Senti ya mjane hiyo. Sisi tunapitia Mutukula na Masaka, ila Mabira nimeisikia.

Katekista: Hija ni toba jamani, sio harambee. Mashahidi hawakuhesabiwa kilomita.

Mama Pacha: Katekista, kusali, kufunga na kutoa sadaka si vinaenda pamoja? Wale watoto wanalala wawili wawili kitanda kimoja!

Mguu Chuma: Na mtu aliyepanda matatu Jinja akashukia Mukono asitufundishe toba.

Katekista: Nilikuwa na malaria, na wewe unajua.

Mguu Chuma: Nisamehe ndugu, hilo sikulijua.

Nesi wa Bungoma: Lengelenge pitisha sindano na uzi, uzi uache humo.

Kilima: Usithubutu!! Mimi uzi uliniletea usaha, 3 Juni, sikukuu yenyewe ya Mashahidi, nilikuwa nimelazwa, zile nguzo 22 za basilika ya Namugongo nimeziona kwenye TV. Paka vaselini, soksi mbili.

Bukoba Moja: Mbili zinachoma, moja inatosha. Mguu Chuma, yule mama ulimwona tena?

Mguu Chuma: Mwaka uliofuata nilimpelekea picha ya watoto na magodoro mapya. Juzi nimepita, iko juu ya jiko lake, moshi umeshaila pembe moja. Nimebeba nyingine.