Hizi sare za poliesta zitatuua, na hela tumekatwa wenyewe

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa nimejifunga khanga tupu, maana ndiyo nguo pekee ngozi yangu imeikubali leo.

Niko kaunta kwenye duka moja kubwa hapa Moshi mjini. Jina naliacha, ugali wangu uko pale. Mwezi wa kwanza tumeletewa sare mpya: blauzi ya mikono mirefu, sketi ya kubana na kikoti chenye bitana. Vyote poliesta. Anayelijua joto la Moshi la Februari ameshanielewa. Sare ilichaguliwa makao makuu Arusha, kule mwezi wa saba watu wanatembea na masweta. Sisi tulio zaidi ya mita 400 chini yao hakuna aliyetuuliza.

Poliesta ni ndugu wa damu wa chupa ya maji, zote zinatokana na mafuta ya petroli. Jasho hainywi. Saa nne asubuhi mgongo umelowa, jasho linateremka hadi kwenye mkanda wa sketi linatuama hapo. Nikivua jioni, kiuno kina alama nyekundu kama nilifungwa kamba. Kwapani harara inawasha mpaka nikimhesabia mteja chenji nabana viwiko mbavuni, nijikune bila kuonekana. Juzi mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mbona umenuna?" Nikasema kichwa kinauma. Ningemwambia zipu inaning'ata?

Nchi inalima pamba Simiyu na Shinyanga, sisi tunavalishwa chupa!

Halafu kila mtu kakatwa 45,000. Nijuavyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu kumkata mtu mshahara hivihivi kama sheria haijaruhusu au mwenyewe hajakubali kwa maandishi. Mimi sijasaini popote. Tulipomfuata meneja akajibu, "Sare ni nidhamu." Yeye kavaa shati la pamba, mikono mifupi, na feni imemwelekea yeye.

Kinachoniuma zaidi ni nyumbani. Nafika Pasua nimevurugwa, namfokea mtoto kisa kikombe. Nilikuwa nasingizia uchovu. Jumapili nimeshinda na gauni langu la pamba, mtumba wa soko la Memorial wa 3,000, limepauka hadi aibu. Nimefua, nimepika, nimekimbizana na mtoto uani, na jioni bado nacheka. Kazi ya siku ile ilizidi ya kaunta. Kumbe ni sare, na mtoto kaligundua hilo kabla yangu, siku hizi nikiingia tu mlangoni ananiambia, "Mama, vua kwanza."

Nani anamjua fundi mzuri pale Mbuyuni wa kutoa bitana na kupanua kiuno bila meneja kugundua? Sketi ina akiba kidogo kwenye mshono, nimeshaichungulia.