Mwanangu wa miaka 15 anabeti kwa laini yangu. Nianzie wapi?

MamaKibuye: Wazazi wenzangu, nisaidieni. Nauza mitumba hapa Kibuye, Kisumu, na wateja wengi hunilipa kwa M-Pesa. Juzi nataka kununua balo, nakuta salio limeisha na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, imekopwa hadi mwisho. Pesa zimetoka usiku, hamsini hamsini, mia mia, kwenda kampuni ya kamari. Ni kijana wangu wa pili. Namba ya siri anaijua kwa sababu hunisaidia kutuma pesa. Baba yake anataka kumchapa. Mimi naogopa atatoroka.

Mwalimu_Kakamega: Pole sana, mama. Badilisha namba ya siri leo hii. Sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kubeti, lakini laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa hiyo kampuni ya kamari inaona mteja ni wewe. Wapigie udai akaunti ifungwe.

Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha. Wavulana wanaoletwa kwangu kwa jambo hili, wengi walifunzwa na mtu wa nyumbani: kaka, binamu, hata baba. Naomba nikuulize kwa heshima, mzee hubeti? Mtoto anayemwona babake akishangilia mkeka wake wa kubeti kila Jumamosi, kiboko kitamwambia nini?

Tena muulize taratibu kama kuna anayemdai. Wengi hawaendelei kwa tamaa, wanatafuta kurudisha nauli au karo waliyokwisha kuipoteza, na aibu inawafunga mdomo. Angalia pia anacheza nini. Mechi ya mpira utaingoja dakika 90. Ule mchezo wa kubeti ndege kwenye simu, ndege hupotea kwa sekunde chache na nyingine inapaa papo hapo, mtoto hapati hata nafasi ya kufikiri. Hiyo ndiyo inayonitia hofu zaidi.

KijanaWaManyatta: Mama, asichapwe tafadhali. Mimi nilianza na mashine za sarafu kando ya duka, na chenji ya mkate. Nilichapwa, nikahamia mashine za mtaa wa pili. Aliyeniokoa ni mjomba: alinisindikiza kwa walionidai, tukapanga kulipa kidogo kidogo, kisha akawa ananichukua gereji kwake wikendi.

MamaKibuye: Asanteni, namba nimebadilisha. Mwalimu, ni kweli, baba yake hubeti. Nitaongea naye kwanza. Je, kijana anaweza kuzungumza na mtu asiye mzazi?

Mwalimu_Kakamega: Apige 116, simu ya watoto. Ni bure, mchana na usiku.